Mawe Mlangoni pa Kazadi

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa tano, 1992

Yaya Fidélie,

Dada yangu mkubwa, salamu zangu zikukute Kasaji ukiwa na magoti yenye nguvu na gunia lenye unga. Sisi hatujambo. Shekina ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa binti yangu hawezi kutaja jina lake mwenyewe bila kumlowesha mtu mate. Mke wangu Mianda anakusalimu sana. Anasema kile kikapu ulichomtumia bado ni kizima na majirani wanakitamani. Baba yake, tata Mukendi, bado ni fundi wa karakana. Mashine zenyewe zimekufa, lakini yeye huzitembelea kila asubuhi kama mtu anayekwenda kuona wagonjwa. Kampuni haijatulipa tangu Pasaka. Mimi niko palepale ghalani, nalinda rafu tupu kwa heshima zote.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka yule mhandisi Mzungu wa nyumba yenye veranda ndefu? Alikimbia mwaka jana wakati wa fujo ya askari. Watu walibeba vitanda vyake, milango, mabati, hata nyaya za ukutani. Nilipofika mimi palikuwa pamebaki bustani yake ya mawe tu. Nikasimama pale nikawaza kwamba watu wa mji huu wana mikono lakini hawana macho. Mawe makubwa, yaya! Moja linafika kiunoni na lina mshipa wa kijani wa malakiti, madini ya shaba, unaozunguka kama mkanda. Tata Mukendi alikuja na mtaimbo na mabomba ya chuma, tukayaviringisha juu ya mabomba hayo mpaka mlangoni kwangu, yeye akitukana kwa lugha yake na mimi kwa yangu.

Kumbe kupanga mawe ni elimu. Jiwe haliwekwi juu ya ardhi. Unalichimbia shimo, unafukia theluthi yake, ili lionekane limezaliwa pale. Lisipofukiwa linaonekana limekuja jana na litaondoka kesho. Kisha huyapangi kwa mstari kama wanafunzi. Unayaacha yasogeleane kama watu wanaozungumza. Katekista alipita Jumapili, akasimama, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Tata Kazadi, ni nani alikufa hapa?" Ndiyo namna ya watu wasiosafiri.

Nina ombi. Kuna lile jiwe jeusi bapa la mtoni kwenu, ambalo wanawake hufulia nguo. Omer, mkuu wa treni, yuko tayari kulileta. Lingekaa vizuri sana upande wa kushoto.

Ndugu yako anayekuheshimu,
Kazadi


Kasaji, tarehe 28 mwezi wa sita, 1992

Kazadi, mtoto wa mama yangu,

Barua yako ilichelewa kwa sababu treni ya Omer ilikaa porini ikingoja mafuta. Hata hivyo imefika, nami nimefika mahali pa kuijibu. Tumevuna mihogo. Goti langu linauma upande mmoja tu, nashukuru Mungu kwa ule mwingine. Mbuzi amezaa. Mbusu Shekina, umwambie meno yataota, asiige baba yake kuweka mawe pengoni.

Nilimsomea barua yako jirani yangu, mama Kabedi. Alicheka mpaka akaketi chini sokoni, na samaki wake wakaliwa na nzi. Ati nikutumie jiwe Kolwezi! Mji huo umetoboa dunia miaka yote kutafuta mawe, umezungukwa na vilima vya mawe, na leo unaagiza jiwe Kasaji kama mtu anayeagiza sombe ya majani ya mihogo. Ukimaliza hapo uwaandikie watu wa ziwani wakutumie maji.

Yule mhandisi alikuwa na mawe kwa sababu alikuwa tayari ameshiba. Wewe umeanzia mwisho. Jiwe unaloliomba ni la kufulia la wanawake wa hapa. Nikiliondoa, watanifua mimi. Nakutumia gunia la unga badala yake. Lifukie theluthi yake, labda litaota. Na kati ya hayo mawe yako yanayozungumza, panda matembele, ili siku wageni wakija wapate cha kula pamoja na mazungumzo.

Mwambie wifi yangu Mianda aniandikie mwenyewe. Mwandiko wake unasomeka, na yeye ana habari za watu.

Yaya yako,
Fidélie


Kolwezi, tarehe 4 mwezi wa kumi, 1992

Yaya mpendwa,

Natumaini hujambo wewe na mbuzi. Unga ulifika, tulikula, asante. Shekina anakusalimu. Mji ni mtulivu kiasi. Watu wengi wanasafiri siku hizi, kwa hiyo barabara zina nafasi. Tata Mukendi naye amehama ile nyumba yake. Sasa anakaa karibu na gare ya treni. Mkubwa wangu ghalani alisafiri bila kuaga, nami nimepewa kiti chake. Kwa hiyo ukiniandikia, andika kwenye bahasha "Chef wa ghala." Nafasi kama hii mtu hungoja miaka.

Kuhusu bustani, ungeiona usingecheka. Kila anayehama huacha kitu. Wengine hapa wanakimbilia magodoro na sufuria za wenyewe, jambo ambalo mimi kama Mkristo siwezi. Mimi nachukua mawe tu, kwa sababu jiwe halina mwenyewe. Nimepata moja jekundu lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nimepata jingine kubwa kupita yote, lililokuwa mbele ya nyumba ya mwalimu mmoja, na hilo nisingeliweza peke yangu. Vijana wa chama cha gavana walinisaidia kulisukuma. Ni vijana wenye adabu ukiwafahamu. Waliimba njia nzima, nikawapa mkate na chai, na kiongozi wao alikaa juu ya jiwe akaniambia: "Tata, nyumba yako inapendeza. Kweli inapendeza." Alitazama mpaka mabati.

Nimefuata shauri lako la matembele. Yameanza kutambaa.

Nakuaga kwa amani,
Kazadi, Chef wa ghala


Kasaji, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja, 1992

Kazadi,

Hatujambo. Mvua ni nzuri. Hizo ndizo salamu, leo ni fupi.

Nimesoma barua yako, nikaigeuza nikasoma mgongo wake, nikaitikisa bahasha. Mianda hakudondoka.

Umenieleza jiwe jekundu na jiwe kubwa na adabu za vijana. Hukuniambia mke wako anakula nini, anavaa nini, kama anaumwa, kama yupo. Na huyo baba mkwe wako, anakaa karibu na gare au anakaa kwenye gare? Kwa sababu Omer anapita hapo na treni yake, ana macho, na hajui kuandika kwa mafumbo kama wewe. Anasema watu wa Kasai, wenzake tata Mukendi, waliofukuzwa majumbani mwao, wamejaa kwenye gare ya Kolwezi, wamelala chini ya maturubai na milango ya nyumba zao, wanangoja behewa la kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Anasema watoto wanakufa kwa kuhara. Anasema wale vijana wako wa mkate na chai wanawaita bilulu, yaani wadudu. Kusafiri, ndugu yangu, mtu husafiri akiwa na tiketi na akiwa na mahali pa kurudi.

Sisi wenyewe tulitoka Malemba, tukaja huku tukiwa na mkeka mmoja. Hakuna aliyetuuliza tumezaliwa wapi. Tata Mukendi ndiye aliyekuombea ile kazi ya kwanza ya kufagia karakana. Nakukumbusha kwa sababu naona kiti cha chef kina usingizi.

Usinijibu habari za mawe. Nijibu neno moja: Mianda yuko wapi?

Fidélie


Kolwezi, tarehe 17 mwezi wa kwanza, 1993

Yaya Fidélie,

Heri ya mwaka mpya. Uwe na afya, mihogo isipate ugonjwa, na goti lipone. Shekina anaendelea vizuri. Kwa Noeli tulikuwa na misa, ingawa kwaya imepungukiwa sauti za chini kwa sababu wenye sauti hizo wengi wamesafiri, au tuseme wameondoka, kwa kuwa neno lile hulipendi.

Umeniuliza neno moja, lakini mambo ya huku hayajibiwi kwa neno moja. Mianda yuko na baba yake. Ni kwa muda. Alikwenda kwa hiari yake mwenyewe na akamchukua Shekina, mimi sikumsukuma. Vijana walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakaa na nani. Walipofika kwangu nilizungumza nao kwa hekima, wakaondoka bila kugusa hata kijiko. Wengine mtaani walipigwa siku hiyo, yaya. Wewe hukuwapo. Nilidhani mtu atanishukuru. Badala yake Mianda alikasirika kwa sababu ya neno dogo nililolisema mlangoni, ambalo sina haja ya kulirudia, akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge na kutoka. Unajua hasira yake. Jumapili huwapelekea ugali wetu wa bukari kule gare. Baba yake hunishukuru. Yeye hupokea sufuria, humlisha mtoto, na hanifungulii mdomo.

Ningekwenda kukaa nao, lakini nyumba isiyo na mtu inachukuliwa siku hiyohiyo. Lazima mmoja abaki. Mambo yakitulia atarudi na atakuta kila kitu mahali pake. Lile jiwe kubwa nimelihamishia langoni, ili anayeingia alazimike kuzunguka.

Usinihukumu ukiwa Kasaji. Huku sasa hata jina la mtu linanuswa kama samaki wa jana.

Ndugu yako,
Kazadi


Kasaji, tarehe 27 mwezi wa pili, 1993

Kazadi,

Sikuulizi hujambo. Sisi hatujambo, na leo "sisi" ni watu wengi kuliko ulivyozoea, kwa sababu Mianda na Shekina wako kwangu.

Omer ndiye aliyewaleta. Nilimtuma. Treni za kwenda Kasai hupita Tenke na Kamina, na huko kila mtu anatazamwa usoni. Lakini treni ya Dilolo inakuja huku magharibi, na hakuna anayemnusa mtu anayekwenda Kasaji kula mihogo. Kijana mmoja alitaka kujua huyu mwanamke ni nani. Omer akamwambia: "Ni dada yangu, na mutoto ni wa kwetu. Toka mu njia." Omer hana ndoa naye, hana mtoto naye, hana bustani, na hakuona haya kusema vile. Tata Mukendi alikataa kupanda. Alisema kwa ndevu zile hawezi kuwa dada wa mtu. Akangoja behewa la Kasai na wenzake.

Sasa lile neno dogo. Mianda hakutaka kunisimulia. Nilimpa chakula, nikampa maji ya kuoga, nikarudi kwenye kazi yangu. Shekina ndiye aliyesema, tukichambua sombe, kama mtoto anavyosema habari za mvua: "Shangazi, Papa alisema mama ni mugeni." Ndipo Mianda akafunguka. Walisimama mlangoni wakauliza: "Ule mwanamuke wa kule jikoni ni nani?" Nawe, mume wa ndoa ya kanisa, uliyenikopa mimi viatu vya harusi vya marehemu mume wangu, ukacheka nao kidogo, ukasema: "Ule? Ni mugeni tu. Atarudia kwabo."

Yeye alikuwa amesimama nyuma ya pazia na sufuria yako mkononi.

Kuna neno jingine umelisahau katika kurasa zako zote. Mianda ana mimba, na imeshakuwa kubwa. Uliniandikia kwamba matembele yanatambaa, hilo hukuliandika. Nina hasira, Kazadi, na zaidi ya hasira nina aibu, maana tumenyonya ziwa moja na sina wa kumsingizia.

Umejua kufukia theluthi ya jiwe ili lionekane la pale, na mwanamke aliyezaliwa Kolwezi, aliyebatizwa Kolwezi, ukashindwa kumpa hata sentensi moja ya kumshikilia. Treni ya Dilolo inakuchukua na wewe pia. Njoo. Ukiona nyumba ni tamu zaidi, kaa nayo, lakini usiniandikie tena.

Fidélie


Mwene-Ditu, tarehe 6 mwezi wa tano, 1993

Yaya yangu Fidélie,

Usidhani umesoma vibaya hapo juu. Nakuandikia kutoka Mwene-Ditu, Kasai. Sijambo kwa maana ya kwamba napumua. Nina homa, lakini kila mtu hapa anayo.

Barua yako ya mwisho niliipata. Nilikaa nayo. Nilikuwa najipanga kuja, nakuapia, nilikuwa nangoja tu nipate mtu mwaminifu wa kulala kwenye nyumba. Nikiwa nangoja, wakaja. Ni wale wale wa mkate na chai, kiongozi wao mbele. Akasimama langoni, mguu wake juu ya jiwe kubwa, akaniuliza jina kama hajawahi kuniona.

"Kazadi," nikasema.

"Kazadi ni jina ya Kasai."

"Hapana, mi ni Muluba wa Katanga, wa Malemba. Kazadi wako kule na huku."

"Bote banasemaka vile vile." Akapiga jiwe kwa kisigino. "Hiki kitu kinaitwa namna gani mu luga ya mama yako?"

Unajua mtu akiogopa anavyokimbilia kwa mama. Ningesema "libwe," kama kila mtu anavyosema mjini, ningelala kitandani kwangu usiku ule. Mimi nikasema: "Dibwe."

Wakapiga makofi. "Munasikia? Dibwe! Mukasai kabisa!"

Nikapiga kelele kwamba katika Kiluba chetu ni dibwe, na katika lugha ya Kasai ni dibwe vilevile, kwamba mabibi zetu walishiriki neno hilo kabla ya reli kujengwa. Nilikuwa nawafundisha watu wenye fimbo historia ya lugha. Nikawaambia wamuulize jirani yangu, tata Ngeleka, tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta, tuliyekunywa naye. Ngeleka akatoa kichwa dirishani, akanitazama, akasema taratibu: "Ule? Mi simujue muzuri."

Yaya, palepale nikajua Mianda alisikia nini nyuma ya lile pazia. Sikuwahi kujua kwamba linaumiza mwilini, hapa chini ya mbavu. Hata fimbo ya kwanza sikuisikia.

Wakanipakia kwenye behewa la wazi. Wakasai waliokuwa humo walicheka waliposikia kisa changu, na mama mmoja alinipa nafasi ya kukalia, akasema: "Karibu kwenu, mukwetu," yaani mwenzetu. Sijui neno lolote la kwao zaidi ya hilo dibwe na matusi ya tata Mukendi. Kiongozi wa vijana ndiye anayelala nyumbani kwangu sasa, na mjomba wake ndiye chef wa ghala.

Tata Mukendi alinikuta hapa kwenye gare. Huja kila treni ikifika, kuangalia nani ameshuka mzima. Aliniona. Hakuniuliza nimefikaje. Akasema: "Mutoto yangu iko wapi?" Nikajibu: "Alifika Kasaji, kwa dada yangu, yeye na Shekina." Akaketi juu ya furushi langu akalia, mzee mzima, mbele ya watu. Kisha akalibeba lile furushi, akanipeleka anapolala, akanigawia nusu ya mkeka. Lile neno langu la mlangoni hajaligusa mpaka leo, na ninalala namsubiri aliguse.

Muulize Mianda kama naweza kuja. Sina nyumba, sina kazi, sina cha kumletea. Nilimkana nikiwa na kila kitu, kwa hiyo sina hata la kujitetea.

Kazadi


Kasaji, tarehe 19 mwezi wa saba, 1993

Kwa ndugu yangu Mukasai,

Nisamehe, nilicheka. Nilianza kucheka kwenye "dibwe" na sikuweza kujizuia. Mama Kabedi alinipokonya barua ili naye ajue, akacheka zaidi yangu. Miaka yote mama alikupiga kwa sababu ulikuwa unasema Kifaransa mezani na Kiluba hukitaki. Siku ulipokisema vizuri, kwa lafudhi safi, wakakufukuza kwa ajili yake. Kisha nilifika pale pa tata Mukendi na nusu ya mkeka, nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko, ambako hakuna mtu wa kunisomea barua usoni.

Sisi tu wazima. Goti limehamia upande wa pili. Shekina ameota meno yote na anasema kila kitu.

Mianda alijifungua mwezi wa nne, kabla barua yako haijaandikwa. Ni mtoto wa kiume, mzito, ana kipaji cha uso kama cha baba yetu. Tulingoja siku za desturi ili baba, mwenye kutoa jina, afike. Hakufika mtu. Mianda akamwita Mukendi. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mwana wa kwanza wa kiume huchukua jina la upande wetu, kwamba baba yetu Kisimba anangoja mtu wa kumrudisha. Akaniuliza: "Yaya, mwenye kutoa jina iko wapi?" Unanijua, mimi sikosi la kujibu. Siku hiyo nilimchukua mtoto, nikamwita Mukendi.

Nilimsomea barua yako mara ya kwanza, akaendelea kutwanga. Nikaisoma tena, akaacha mchi. Nilipofika pale pa Ngeleka na dirisha, aliniambia niache kusoma, akakung'uta unga mikononi, kisha akasema niendelee. Hakucheka, wala hakufurahi, na mimi ningefurahi kidogo.

Jibu lake ni hili, nimeliandika alivyolisema. Hakukatazi kuja. Hatakuja kukupokea kwenye treni. Anauza unga pembeni yangu sokoni, na wanawake wa hapa wanamuuliza kila siku mume wake ni nani, naye huwapimia unga tu. Siku utakaposhuka utakuta soko limejaa, kwa kuwa Omer hupenda kufika siku ya soko. Watakuona umesimama mbele ya meza yake na furushi lako, na mtoto mgongoni mwake, na watamuuliza wewe ni nani kwake. Anasema yeye hatajibu. Utajibu wewe, kwa sauti, na wote watakuwa wanasikiliza.

Fidélie